Nyumba za Mawe: Jina, Kuta na Ndege wa Great Zimbabwe

Mgeni afikaye Great Zimbabwe, karibu na mji wa Masvingo, kwanza huona ukuta. Boma Kuu limezungukwa na ukuta wa mita zipatazo 250, ambao mahali pengine hufikia kimo cha mita 11. Ni vipande vya graniti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, pasipo chokaa wala udongo wa kuviunganisha. Mji huo ulijengwa na kukaliwa na mababu wa Washona, kati ya karne ya 11 na ya 15.

Sentensi hiyo ya mwisho iliwagharimu watu mengi. Mjerumani Karl Mauch, aliyefika hapo mwaka 1871, alikata kibanzi cha mbao ya kizingiti, akakilinganisha na penseli yake, akahitimisha kuwa ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jengo lilihusiana na Malkia wa Sheba. Hoja ya penseli! David Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakathibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika. Hata hivyo, serikali ya walowezi iliyojitangazia uhuru mwaka 1965 haikupenda jibu hilo, na Peter Garlake, mkaguzi wa majengo ya kale, aliihama nchi mwaka 1970.

Na jina lenyewe lilikuwa wazi kwa kila mwenye kusikiliza. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, latokana na Kishona dzimba dza mabwe, yaani nyumba za mawe. Msemaji wa Kiluba, asemaye dibwe na mabwe, au wa Kibemba, asemaye ilibwe na amabwe, hahitaji mkalimani. Kiswahili kimeipoteza b katika mawe, ila kimeihifadhi katika mbwe, vijiwe vidogo.

Vitu vilivyochimbuliwa vyasimulia safari pande mbili. Kutoka pwani zilifika shanga za kioo, vyombo vya China na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, kwa kuwa dhahabu ya bara ilipitia Sofala. Zilipatikana pia kengele za chuma zisizo na ulimi, za aina ile iliyopigwa mbele ya wakuu wa Afrika ya Kati.

Lakini katika makumbusho ya hapo mgeni husimama zaidi mbele ya ndege. Walichongwa katika jiwe la sabuni, juu ya nguzo. Wanafanana na tai, ila baadhi wana midomo na vidole kama vya binadamu. Mwaka 1889 Willi Posselt alimkata mmoja kutoka nguzo yake, naye akauzwa kwa Cecil Rhodes. Wengine walifuata njia ya kusini. Mwaka 1981, baada ya uhuru wa 1980, Afrika Kusini ilirudisha wanne, ikapewa badala yao mkusanyiko wa nyuki, nyigu na wadudu wa jamii yao; yule wa Rhodes hakuwamo, akabaki katika nyumba ya Groote Schuur, Cape Town. Kipande cha chini cha ndege mwingine kilikuwa Berlin tangu mwaka 1907. Baada ya vita vya pili vya dunia kilichukuliwa hadi Leningrad, kikarudishwa Ujerumani, na mwaka 2003 kikakabidhiwa kwa Zimbabwe, ambako kipande cha juu kilikuwa kimebaki muda wote huo.