Monstransi ya Belém: dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon

Dhahabu na enameli. Kimo: sentimita 73. Mwaka: 1506.

Wageni wengi wa Lisbon huutazama Mnara wa Belém na monasteri ya Jerónimos, wakaridhika. Anayetoka pwani ya Waswahili asiondoke mjini kabla ya kusimama hapa.

Dhahabu iliyo mbele yako ilitoka Kilwa Kisiwani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga huko na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Dhahabu ya Kilwa ilitokana na biashara ya Sofala. Da Gama aliifikisha Lisbon mwaka 1503, na Mfalme Manuel I akaagiza ifuliwe chombo hiki cha kuonyeshea hostia takatifu. Sonara wake anatajwa kuwa Gil Vicente.

Sogea karibu. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya hostia, kila mmoja na uso wake. Juu yao yuko njiwa, na kileleni Mungu Baba. Tufe zilizo kwenye shina ni nembo ya Manuel. Kisha inama usome ukingo wa kitako: pameandikwa jina la mfalme, kodi ya Kilwa na mwaka 1506. Wakati huo mji wenyewe ulikwisha kutekwa na kuporwa na kikosi cha Francisco de Almeida, mwaka 1505.

Kwa wasia wa mwaka 1517, Manuel aliiachia monasteri ya Jerónimos chombo hiki.