Mlo na afya Masisi na Walikale

Wanyanga wa misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, walikuwa wala ndizi. Ndizi mbichi zilipikwa na kupondwa ziwe bugali, zikaliwa kwa nyama ya mtego, samaki wa mitoni, majani au uyoga. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1950, aliyakuta maisha hayo yangali na nguvu. Mwaka 1956 alirekodi utendi wa Mwindo uliosimuliwa na Shekarisi Rureke. Mwishoni shujaa anawausia watu wake walime mazao mengi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wala wasimdhihaki asiyejiweza. Chakula, makazi na amani ya kijiji viliwekwa pamoja, na ufahamu huo wa afya una kina kuliko mafundisho mengi ya usafi yaliyoletwa na wakoloni.

Katika milima ya Masisi, hasa eneo la Gishari, kuanzia 1937 serikali ya Kibelgiji ilihamishia familia kutoka Rwanda. Wahunde, wenyeji wa huko, walipoteza ardhi, na sehemu kubwa ya msitu ikageuka mashamba na malisho. Maharagwe, mahindi na mashanza, yaani maziwa ya mgando, yalikuwa mlo wa wengi huko.

Muhogo ulienea kwa kuwa huvumilia udongo uliochoka na hukaa ardhini mpaka uhitajike. Unashibisha, lakini protini yake ni haba. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa bugali wa muhogo mtupu huweza kuvimba miguu na nywele zake kufifia: huo ndio bwaki, ambao waganga wa hospitali huuita kwashiorkor. Sombe, yaani majani ya muhogo, lina protini zaidi, hivyo aliyeliweka kando ya bugali alijua alitendalo. Muhogo mchungu una sumu pia, nao hudai subira ya kuloweka siku kadhaa na kuanika. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta goita imezagaa kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa madini joto yalikuwa machache kote. Tofauti hiyo waliihusisha na ulaji wa muhogo.

Machi 1993, mauaji ya soko la Ntoto, Walikale, yalifungua vita vilivyosambaa hadi Masisi. Ng'ombe waliporwa na mashamba yakaachwa. Aliye mbioni hana nafasi ya kuloweka muhogo siku tatu, wala hana maziwa ya kumpa mtoto. Mama anayepika alichonacho asilaumiwe kwa bwaki wa mwanawe. Anachohitaji kwanza ni njia salama ya kufika shambani.