Chembe Nano za Fedha Zitokanazo na Mimea

Chembe nano za fedha ni punje za madini ya fedha zenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100, yaani ndogo kuliko bakteria wenyewe. Mojawapo ya njia za kuzitengeneza ni rahisi kwa namna ya kushangaza: majani huchemshwa, maji yake huchujwa na kuchanganywa na naitreti ya fedha. Polifenoli za mmea huzipa ayoni za fedha elektroni, chembe zikaundika, na mchanganyiko ukageuka njano, kisha kahawia.

Miongoni mwa mimea iliyojaribiwa ni Vernonia amygdalina, kichaka kichungu ambacho Watongwe wa Mahale, kusini mwa Kigoma, hukiita mjonso. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe, walimfuatilia sokwe jike mgonjwa aliyeitwa Chausiku. Alimenya matawi machanga ya mjonso, akatupa maganda na majani, akatafuna kiini na kufyonza utomvu wake. Kesho yake alikuwa na nafuu. Kalunde aliujua mmea huo tangu zamani kama dawa ya tumbo. Wanakemia wa Japani walipouchambua, walikuta sumu ya vernodalini imejaa zaidi kwenye majani na maganda. Sokwe alijua cha kutupa. Maabara za nano huchemsha majani hayohayo. Tena, utafiti wa Mahale ulihusu hasa minyoo, si bakteria.

Kwenye sahani za maabara, fedha huharibu utando wa bakteria na kunasa protini zao zenye salfa. Escherichia coli na Salmonella, ambao baadhi yao huleta kuhara, hufa.

Tumboni mambo ni mengine. Kloridi iliyomo kwenye asidi ya tumbo huigeuza sehemu ya fedha kuwa chumvi isiyoyeyuka, na fedha inayobaki haichagui kati ya bakteria wabaya na wale wanaotusaidia. Ngozi ya anayeimeza kwa muda mrefu huweza kugeuka kuwa ya kijivu-buluu, na rangi hiyo haitoki. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuitambua fedha ya maji (chembe za fedha zinazoelea kwenye maji) inayouzwa bila cheti cha daktari kuwa salama au yenye kutibu.

Kwa kuhara, tiba ni nyingine: Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, mkoani Kigoma, miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, tiba ilikuwa ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari), dripu na maji safi. Chembe za fedha bado hazimo katika tiba hiyo. Mwenye kuhara choo kama maji ya mchele, awe Ujiji au Kagunga, aanze ORS mara moja na awahishwe kituo cha afya.