Makali ya patasi na mapafu ya mnoaji: historia ya jiwe la kunolea

Seremala aliyekimbia vita akiwa na patasi mbili ndani ya mfuko amekimbia na kazi yake. Lakini patasi butu ni kipande cha chuma tu. Iwe Goma, Bukavu, Beni ao Bunia, fundi hawezi kuanza upya bila jiwe la kunolea. Mguu wa kiti hauchongeki, gurudumu la chukudu halitoki mviringo, na mteja haji mara ya pili.

Lile jiwe la kijivu linalozunguka kwa umeme katika karakana nyingi za mji, likirusha cheche, limetoka mbali. Nyuma yake kuna historia ya watu ambao kazi yao ilikuwa kunoa vifaa vya wengine, na ambao wengi wao walikufa kabla ya kuzeeka.

Alama juu ya mawe ya Uele

Kunoa si jambo lililoletwa na meli. Kaskazini-mashariki ya Congo, katika bonde la mto Uele, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata mashoka ya hematiti, jiwe zito lenye madini ya chuma, yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa. Na juu ya miamba ya eneo hilo kuna mifereji iliyobaki pale wazee wa zamani waliposugua mashoka yao, siku baada ya siku.

Kanuni waliyoitumia ndiyo inayotumika mpaka leo. Kitu kigumu kinakula kitu kingine kidogo kidogo, na maji yanapoza na kubeba vumbi. Kilichobadilika ni mwendo. Mkono wa mtu unakwenda polepole na unachoka. Siku mtu alipofunga jiwe kwenye gurudumu na kuliacha maji ya mto yalizungushe, kazi iliongezeka mara nyingi, na hatari pia.

Sheffield, mji wa wanoaji

Mji unaojulikana zaidi katika historia hii ni Sheffield, kaskazini ya Uingereza. Kwa karne nyingi visu, misumeno, patasi na uma za mezani vilitengenezwa pale. Patasi za maseremala na za wakereza mbao, wale wanaozungusha mti kwenye mashini ili kutoa miguu ya viti na mabakuli, ziliuzwa kutoka Sheffield mpaka ng'ambo ya bahari.

Mawe yao yalikuwa mawe ya mchanga, yaliyochongwa mviringo na kuzungushwa na mito midogo ya huko. Mwisho wa karne ya 18 mashini za mvuke zikaingia, na wanoaji wengi wakakusanyika ndani ya majengo yaliyojaa mawe yanayozunguka. Mnoaji aliketi nyuma ya jiwe juu ya kiti kilichofanana na tandiko la farasi, akainama mbele, uso wake karibu na cheche. Mara nyingine jiwe lilipasuka likizunguka, na vipande vyake viliweza kuua mtu.

Lakini adui mkubwa hakupiga kelele. Jiwe la mchanga likisuguliwa linatoa vumbi laini sana, lisiloonekana vizuri kwa macho, linaloingia mapafuni na kubaki humo. Vifaa vingine vilinolewa jiwe likiwa na maji, vingine, kama uma, vilinolewa kavukavu. Daktari mmoja wa mji huo, Arnold Knight, aliwachunguza wanoaji mwanzoni mwa karne ya 19. Aliona kwamba walianza kazi wakiwa na umri wa miaka 14 hivi, na kwamba wenye afya nzuri hawakusikia kitu mpaka kufikia miaka 20. Kisha pumzi ikaanza kuwa fupi, kikohozi kikaja, na kupanda mlima mdogo kukawa mateso. Kwa hesabu yake, wanoaji wa kavu kwa wastani hawakufika miaka 35, na wale wa maji ni mara chache walipita 45. Friedrich Engels aliyachukua maneno ya daktari huyo katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya maisha ya wafanyakazi wa Uingereza.

Knight aliona jambo lingine la kushangaza. Wanoaji walevi waliishi kuliko wenzao. Pombe haikuwa dawa. Ni kwamba mlevi alikosa kazi mara nyingi, na kila siku aliyokosa ilikuwa siku moja bila vumbi.

Hapo swali linakuja: mbona hawakujikinga? Mtu mmoja wa Sheffield aliyeitwa Abraham alibuni chombo chenye sumaku za kuvuta vumbi la chuma mbele ya mnoaji. Wanoaji wengi walikikataa, na Engels anaeleza kwamba sehemu nyingine vyombo vya namna hiyo viliharibiwa. Sababu yao haikuwa ujinga. Waliogopa kwamba kazi ikipoteza hatari, watu wengi wangeikimbilia na mshahara ungeshuka. Mshahara mzuri ulikuwa bei ya maisha mafupi, na walijua hivyo. Tena sumaku inavuta chuma tu. Vumbi la jiwe, ambalo ndilo lililoua, linapita bila kuzuiwa.

Jiwe lililopikwa kwa umeme

Mabadiliko makubwa yalitoka Marekani, na waliyoyaleta hawakuwa wanatafuta kuokoa mapafu ya mtu. Mwaka 1891 Edward Acheson, aliyekuwa amefanya kazi kwa Thomas Edison, alipitisha umeme mkali ndani ya mchanganyiko wa udongo na unga wa makaa. Alipovunja kilichopoa alikuta punje ndogo zinazong'aa, ngumu kiasi cha kukwaruza kioo. Aliziita Carborundum. Mwaka 1895 kiwanda chake kilikuwa Niagara, karibu na maporomoko ya maji, kwa sababu kupika punje hizo kunataka umeme mwingi sana.

Punje peke yake si jiwe. Jibu la kuzishikanisha lilikuwa limeshapatikana mikononi mwa wafinyanzi. Katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, karakana ya mfinyanzi Frank Norton ilikuwa inachanganya punje za kunolea na udongo, kisha kuchoma gurudumu zima katika tanuru kama chungu. Kampuni ya Norton ilizaliwa hapo mwaka 1885. Baadaye zikaja punje zilizopikwa kutoka boksiti, ambazo zinafaa zaidi kwa kunoa feleji. Mawe mengi ya kijivu na meupe yanayouzwa leo ni ya ukoo huo.

Katika karne ya 20 mawe hayo yalichukua nafasi ya mawe ya mchanga, na ugonjwa wa wanoaji ukapungua. Viwanda vilitafuta mwendo na faida, na wafanyakazi wakapata pumzi.

Mwendo huo ulileta shida nyingine. Jiwe la upana wa milimita 200, likizunguka mara 2,850 kwa dakika kama mota nyingi za kawaida, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilometa 100 kwa saa. Patasi ya feleji ya kawaida ikikandamizwa pale inageuka rangi ya buluu kwa nukta chache. Buluu hiyo ni dalili kwamba ugumu umekwisha, na makali hayatadumu. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, Wamarekani Frederick Taylor na Maunsel White walionyesha feleji mpya iliyoendelea kukata hata ikiwa nyekundu kwa moto. Miaka mingi baadaye patasi za wakereza mbao nazo zikatengenezwa kwa feleji ya namna hiyo.

Mkono na pembe

Mkereza mbao anahitaji kunoa kuliko seremala mwingine. Mti unazunguka bila kusimama, na makali yanakutana na mamia ya metre za mbao kwa kila dakika. Kwa hiyo anarudi kwenye jiwe mara nyingi kwa siku. Akinoa kwa mkono mtupu, kila safari pembe inabadilika kidogo. Mteremko wa makali unakuwa na mabonde, na chuma kingi kinaliwa bure. Patasi ambayo ingetumika miaka mingi inakwisha haraka.

Jibu lilikuwa kishikilio, chombo kinachoshika patasi kwa pembe ileile kila mara. Nchini Sweden, mwaka 1973, Torgny Jansson alianzisha kampuni ya Tormek iliyotengeneza jiwe linalozunguka polepole ndani ya maji, pamoja na vishikilio vyake. Marekani, mkereza David Ellsworth alijulikana kwa kishikilio cha bobari, ile patasi iliyopinda kama mfereji. Canada, kampuni ya Oneway ilitoa mtambo unaoitwa Wolverine. Kuna hata magurudumu ya chuma yaliyopakwa punje za boroni na naitrojeni, kitu ambacho Robert Wentorf alikitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Hayo hayapungui upana na hayapasuki kama jiwe.

Vitu hivyo ni vya bei kubwa, na fundi anayelala chini ya hema hawezi kuviota. Lakini siri yake haiuzwi. Kishikilio ni mkono wa mbao ao chuma uliofungwa chini ya jiwe, wenye kishimo ambamo mwisho wa mpini unakaa. Umbali ukiwa uleule, pembe inakuwa ileile. Kipande cha mbao, tundu moja na msumari vinatosha kuanzia, na kijana anayejifunza ataanza kutoa makali yanayofanana na ya mwalimu wake.

Historia hii inawaachia mafundi mambo machache ya kushika. Jiwe jipya linagongwa polepole kwa kipande cha mti kabla ya kufungwa: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti nzito iliyokufa lina ufa na linatupwa. Mashini ikiwashwa, fundi anasimama pembeni mpaka mwendo utulie, na macho yake yakingwe. Kazi inafanyika mahali wazi, upepo ukipeleka vumbi mbali na mnoaji, mbali pia na watoto na sufuria ya chakula.

Wanoaji wa Sheffield walikubali kuuza pumzi yao kwa sababu hawakuona njia nyingine ya kulisha nyumba. Fundi aliyepoteza nyumba, shamba na mashini yake bado ana mikono na mapafu. Patasi ikivunjika inanunuliwa nyingine.