Jiwe la Mesha na Miungu ya Majirani

Katika mwaka wa 1868 mmisionari F. A. Klein alionyeshwa jiwe jeusi lenye maandishi huko Dhiban, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Mwaka uliofuata, Wazungu walipokuwa wakiligombania, wenyeji walilivunja. Lakini maandishi yake yalikuwa yamekwisha kunakiliwa kwa karatasi, na kwa msaada wa nakala hiyo vipande viliungwa tena. Jiwe hilo sasa limo katika makumbusho ya Louvre, mjini Paris.

Aliyeliandikisha ni Mesha, mfalme wa Moabu, yapata mwaka wa 840 kabla ya Kristo. Asema kwamba Omri, mfalme wa Israeli, aliitesa Moabu siku nyingi kwa sababu Kemoshi, mungu wa Moabu, aliikasirikia nchi yake. Kisha Mesha akautwaa mji wa Nebo kwa amri ya Kemoshi, akawaua watu 7,000, na vyombo vya Yehova akaviburuta mbele ya Kemoshi.

Mesha hasemi kwamba Yehova hayuko. Kwake yeye, Yehova ni mungu wa jirani, wala si wa kuabudiwa na Wamoabu. Waisraeli nao waliwahi kuwaza hivyo. Katika kitabu cha Waamuzi, Yeftha amwambia mfalme wa Amoni kwamba kila taifa na limiliki kile lilichopewa na mungu wake. Na katika Wafalme wa Pili, mfalme wa Moabu alipomtoa mwanawe sadaka juu ya ukuta, ghadhabu kuu iliwapata Waisraeli, nao wakarudi kwao.

Imani ya namna hii hujaribiwa taifa lishindwapo vitani: je, mungu wake naye ameshindwa? Mesha alijibu kwamba Kemoshi hakushindwa, bali alikasirika. Manabii wa Yuda walijibu vivyo hivyo Babeli ilipouangamiza Yerusalemu mwaka wa 586 kabla ya Kristo. Lakini mungu awezaye kuituma Babeli iwaadhibu watu wake, hana budi kuitawala Babeli pia. Ndipo katika Isaya, tangu sura ya 40, yatangazwa wazi kwamba hapana mungu mwingine.

Basi Moabu na Yuda zilianza na jibu moja. Yuda ndiyo iliyolifuata hata mwisho wake.