Kelele inayotoka kwa jirani: historia ya masafa mafupi na vyombo vya intaneti nyumbani

Kila mtu aliyelala na redio ndogo karibu ya kichwa anaijua hali hii: mtangazaji anasoma habari, unageuza antena, unasogea dirishani, kiisha mgurumo unaingia na kumeza sauti yote. Stesheni haijafungwa. Ni chombo cha jirani kimewashwa. Huko Uingereza watu waligombania mgurumo wa namna hiyo kwa miaka mingi, na yale waliyopitia yanatuhusu sisi pia.

Masafa mafupi ni mawimbi ya kati ya megahezi 3 na 30. Yanapanda angani, yanagonga tabaka la juu liitwalo ionosfera, kisha yanarudi chini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndiyo sababu Radio Okapi, ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, haikutegemea FM peke yake. Ilitumia pia masafa mafupi ili ifike pasipo mnara. Ndiyo sababu pia foni za parokia na vituo vya afya zinavuka msitu. Kule Haut-Uele na Bas-Uele, foni zilitumika kupashana habari waasi wa LRA walipokaribia vijiji. Lakini wimbi linalotoka mbali hufika likiwa limechoka. Kelele ndogo ya karibu inatosha kulifunika.

Mwaka wa 1997, kampuni mbili, Nortel na Norweb, zilitangaza kwamba intaneti ingepitishwa ndani ya nyaya za umeme, na majaribio yakafanyika Manchester. Wazo lilipendeza: waya wa umeme umekwisha kufika kila nyumba, kwa nini kuchimba barabara tena? Shida ilikuwa kwenye waya wenyewe. Nyaya za simu husokotwa mbili mbili, na kelele ya mmoja inaua ya mwenzake. Nyaya za umeme hazikutengenezwa hivyo. Ukipitisha humo mawimbi ya masafa mafupi, zinayatupa nje kama antena. Hata nguzo za taa za barabarani zilianza kuyarusha. Mwaka wa 1999 mradi ukaachwa.

Wazo halikufa, liliingia ndani ya nyumba. Mwaka wa 2001 kulitoka kanuni ya kiufundi iitwayo HomePlug. Unachomeka adapta moja kwenye prizi karibu na modemu, nyingine karibu na televisheni, na intaneti inapita katika waya wa ukutani. Waliotunga kanuni hiyo waliacha mapengo kwenye masafa ya wapenzi wa redio, wale watu wenye leseni wanaozungumza na dunia kwa mitambo yao ya nyumbani. Hapo amani ilielekea kupatikana.

Lakini tangu mwisho wa mwaka wa 2006, huduma mpya za televisheni ya intaneti zilileta adapta nyingi majumbani, na baadhi yake hazikuacha mapengo hayo. Kufikia mwaka wa 2008 malalamiko yalikuwa yanamiminika Ofcom, idara ya Uingereza inayosimamia mawasiliano.

Wapenzi wa redio walijua kwamba kupiga kelele juu ya kelele hakusaidii. Waliandika tarehe, saa na masafa yaliyoharibiwa. Walitembea mtaani na redio ya betri mkononi mpaka wakajua mgurumo unatoka nyumba gani. Mara nyingi mwenye nyumba hakujua lolote: televisheni yake inaonyesha vizuri, kosa liko wapi? Hapo ndipo ugumu wa jambo hili. Chombo hakimuumizi mwenye chombo, kinamuumiza jirani.

Kila nyumba ilishughulikiwa peke yake, adapta ikiondolewa au kubadilishwa. Wengi hawakuridhika, kwani ukimaliza nyumba moja leo, kesho jirani mwingine ananunua. Chama chao, RSGB, kilichoanzishwa mwaka wa 1913, kilichanga pesa za kutetea masafa.

Mwaka wa 2013 Ulaya ilipata kanuni mpya, EN 50561-1. Inataka adapta ziache daima masafa ya wapenzi wa redio na ya ndege. Tena ziwe zinasikiliza zenyewe: zikisikia stesheni ya masafa mafupi, zinyamaze mahali hapo. Haukuwa ushindi kamili, maana adapta za zamani zilibaki majumbani. Lakini haki ya msikilizaji iliandikwa.

Kwetu adapta hizo ni chache. Mgurumo wetu unatoka kwa chaja za bei rahisi, taa za LED na konvertisa za sola. Ukiusikia, weka redio kwenye betri, kisha zimeni vyombo kimoja kimoja. Kikionekana kinachosumbua, kisogezwe mbali, au kizimwe saa ya habari. Kama ni cha jirani, nenda kwake na redio mkononi asikie mwenyewe, bila hasira.

Hili si jambo la starehe. Kambini kuna mama anayesubiri kila jioni kusikia kama njia ya kijijini kwake imefunguliwa. Habari hiyo inaweza kumfikia mara moja tu.