Miaka 100 ya utambuzi wa usonji: Daktari aliyesahauliwa na daktari aliyetukuzwa

Mwaka 2026 inatimia miaka 100 tangu jarida moja la magonjwa ya akili la Ujerumani lilipochapisha makala ya daktari wa kike kutoka Moscow kuhusu wavulana sita. Kwa Kirusi makala hiyo ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Mtu aliyewahi kuishi na mtoto mwenye usonji, au kumfundisha, akiisoma leo atawatambua wale wavulana papo hapo. Hata hivyo, kwa miaka mingi vitabu vya tiba vimeandika kwamba usonji ulielezwa kwanza mwaka 1943 na Leo Kanner kule Marekani, kisha mwaka 1944 na Hans Asperger kule Austria. Jina la Grunya Sukhareva halikutajwa.

Sukhareva alizaliwa Kyiv mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi. Alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji huo mwaka 1917, na mwaka 1921 akahamia Moscow. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya dunia ikaingia kwenye mapinduzi, na kutoka mapinduzi ikaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mitaa ilijaa watoto wasio na wazazi. Katika mazingira hayo kilianzishwa kituo kilichokuwa hospitali na shule kwa pamoja, na watoto walikaa humo miaka miwili hadi mitatu wakisoma, wakifanya mazoezi ya viungo, wakichora na kujifunza useremala. Sukhareva aliwaona humo darasani, mezani wakila, na uwanjani wakishindwa kucheza na wenzao. Hakuhitaji kuhukumu akili ya mtoto kwa robo saa ya kliniki.

Mwaka 1924 aliletewa mvulana wa miaka 12. Alikuwa mwembamba, amepinda mgongo, mwendo wake wa polepole na usio na ulinganifu. Alijifunza kusoma mwenyewe kabla hajatimiza miaka sita, na tangu hapo alisoma kila kilichofika mkononi. Vitu vya kuchezea hakuvigusa. Wenzake aliwakwepa, akapenda kukaa na watu wazima na kujadiliana nao mambo mazito. Wasiwasi ulimsumbua, na tumbo likimuuma mara kwa mara. Miongoni mwa wavulana wengine alikuwamo mpiga fidla hodari aliyeshindwa kabisa kuchangamana na watu, mwingine aliyeshika tarakimu kwa namna ya ajabu lakini akisahau nyuso, na mwingine aliyekuwa na marafiki wa kufikirika walioishi ndani ya meko ya nyumba. Sukhareva aliandika haya yote kwa subira, bila kumdharau mtoto hata mmoja, akasema chanzo kitafutwe kwenye ubongo. Mama hakumtia hatiani. Mwaka 1927 akaongeza makala nyingine, safari hii kuhusu wasichana.

Mwaka 2015 watafiti wawili walioko Sweden, Irina Manouilenko na Susanne Bejerot, waliweka maelezo yake kando ya vigezo vya usonji vinavyotumiwa na madaktari wa leo. Yalilingana kwa kiasi cha kushangaza. Kwa nini basi alisahauliwa? Istilahi aliyoitumia, ya zama zake, iliufanya ugonjwa uonekane jamaa wa skizofrenia. Jina lake liliandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, Ssucharewa, likapotea kwenye faharasa. Utawala wa Kisovieti nao ulijifungia. Kiingereza kilimpata mwaka 1996 tu, pale Sula Wolff, daktari wa watoto wenye matatizo ya akili kule Edinburgh, alipoitafsiri makala yake ya kwanza.

Asperger hakuhitaji tafsiri, kwa kuwa makala ilikuwa katika lugha yake mwenyewe. Katika maandishi yake ya 1944 hakumtaja Sukhareva. Wapo wanaoamini hakuisoma, na wapo wanaosema kwamba katika Vienna ya Wanazi, kumnukuu daktari Myahudi wa Kisovieti kungekuwa hatari kwa kazi ya mtu.

Vienna ndiko historia hii inakoingia giza. Wodi aliyoiongoza Asperger kuanzia 1935 katika hospitali ya watoto ya chuo kikuu ilikuwa imeanzishwa na Erwin Lazar mwaka 1911, na sifa yake ilikuwa njema. Madaktari na wauguzi waliwafundisha watoto kwa nyimbo, maigizo na mazungumzo. Wanazi walipoitwaa Austria mwezi Machi 1938, wenzake wawili Wayahudi, Georg Frankl na Anni Weiss, walikuwa wamekwisha kuhamia Marekani. Bosi wake, Franz Hamburger, alikuwa Mnazi wa kutupwa. Asperger hakujiunga na chama, lakini alijiunga na jumuiya kadhaa zilizokuwa chini yake.

Mwezi Julai 1940, ndani ya eneo la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Steinhof, kilifunguliwa kituo cha watoto kilichoitwa Am Spiegelgrund. Taarifa za watoto walioonekana hawafundishiki zilipelekwa Berlin, na huko ndiko iliamuliwa nani aishi na nani afe. Aliyehukumiwa alipewa dawa za kutuliza neva ndani ya chakula, siku baada ya siku, mpaka mwili ukalegea na mapafu yakashindwa. Kwenye cheti cha kifo iliandikwa nimonia. Watoto 789 walifia pale.

Kwa miongo mingi Asperger alisimuliwa kama daktari aliyewaficha wagonjwa wake wasifike huko. Mwenyewe alisema baada ya vita kwamba Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walitaka kumkamata. Kisha mwaka 2018 Herwig Czech, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna, akachapisha alichokikuta kwenye majalada ambayo wengi waliamini yameteketea. Ushahidi wa ile habari ya Gestapo, nje ya maneno ya Asperger mwenyewe, hakuupata. Alichokipata ni barua za rufaa zenye saini yake.

Mojawapo ilimhusu mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu. Alikuwa ameugua ubongo, na ukuaji wake ukaharibika. Mwezi Juni 1941 Asperger aliandika kwamba mtoto huyo ni mzigo usiobebeka kwa mama yake, mwenye watoto wengine watano wazima wa kutunza, na kwamba ni lazima apelekwe Spiegelgrund akae huko moja kwa moja. Alipokelewa tarehe 1 Julai. Tarehe 2 Septemba alikuwa amekufa. Cheti kilisema nimonia.

Mwezi Februari 1942 Asperger aliketi kwenye tume iliyokagua watoto zaidi ya 200 wa hospitali ya Gugging, nje ya Vienna. Watoto 35 waliwekwa kundi la wasiofundishika. Wote walikufa.

Edith Sheffer, mwanahistoria wa Marekani, alitoa kitabu mwaka huohuo wa 2018 akienda mbali zaidi: kwamba hata namna Asperger alivyoutambua usonji, kwa kupima kama mtoto anaweza kujiunga na jamii, ilibeba harufu ya siasa za utawala ule. Wamejitokeza wa kumtetea. Dean Falk, mwanaanthropolojia, ameandika kwamba hakuna uthibitisho kuwa Asperger alijua hatima ya watoto aliowapeleka. Nimezisoma hoja zake kwa makini, na haziniridhishi. Mwaka 1940 wazazi wa Vienna waliandamana nje ya Steinhof kwa sababu ya wagonjwa waliokuwa wakihamishwa na kuuawa. Jambo lililowafikia watu wa mitaani halikumpita daktari wa hospitali ya chuo kikuu.

Na haki ilichelewa hadi ikafa njiani. Heinrich Gross, daktari wa Spiegelgrund, alizihifadhi bongo za watoto wale na kuzifanyia utafiti kwa miaka mingi baada ya vita. Mwaka 1975 serikali ya Austria ilimpa nishani ya heshima ya sayansi. Alipandishwa kizimbani mwezi Machi 2000, kesi ikasimamishwa kwa maelezo kwamba akili yake imedhoofika kwa uzee, naye akafa mwaka 2005. Mabaki ya watoto yalizikwa kwa heshima katika makaburi makuu ya Vienna mwaka 2002, takriban miaka 60 baada ya vifo vyao.

Tukirudi Marekani, Kanner, aliyetokea himaya ya Austria-Hungary na kuhamia huko mwaka 1924, alieleza watoto 11 mwaka 1943. Frankl yule wa Vienna alikuwa akifanya kazi kwake. Baadaye wazazi, mama hasa, walibebeshwa lawama kwamba ubaridi wao ndio uliowafanya watoto hivyo, na Bruno Bettelheim akaieneza hoja hiyo kwa kitabu cha 1967. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameipinga tangu 1964. Utafiti wa mapacha wa mwaka 1977 kule Uingereza ulionyesha nguvu ya urithi. Mwaka 1981 Lorna Wing, daktari na mama wa binti mwenye usonji, aliipa hali aliyoieleza Asperger jina la daktari huyo, na mwaka 2013 Wamarekani wakaliondoa kwenye mwongozo wao wa utambuzi.

Kwetu habari zilifika taratibu. Mtafiti Victor Lotter alizunguka taasisi za nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akachapisha alichokiona mwaka 1978. Leo kuna vitengo ndani ya shule za kawaida, kama cha City Primary jijini Nairobi na cha Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, na kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, viongozi hutoa hotuba. Lakini ule mzigo wa lawama uliotupwa kwa mama wa Marekani bado wanaubeba mama wa kwetu, wakiambiwa ni laana au mapepo, na watoto wakifungiwa chumbani wageni wakija. Mzazi anazunguka kati ya kliniki na shule akiwa mjumbe wa kupeleka karatasi, kwa kuwa daktari na mwalimu hawakutani. Kule Moscow miaka 100 iliyopita walikaa jengo moja.

Kinachonisikitisha zaidi ni wasichana. Asperger aliandika kwamba hakuwahi kukutana na msichana mwenye hali hiyo kwa ukamilifu wake, na kauli hiyo iliathiri fani nzima kwa miongo mingi. Msichana anayekaa kimya nyuma ya darasa, anayeiga wenzake ili asichekwe, huitwa mpole na kupitishwa darasa hadi darasa bila kupimwa. Sukhareva alikuwa ameshawaeleza wasichana mwaka 1927. Makala hiyo nayo ilipata tafsiri ya Kiingereza mwaka 2020, na vyuo vyetu vya ualimu na vya uuguzi havina sababu ya kuendelea kufundisha somo hili bila yeye.